Barabara ya Nyungwe Isipanuliwe

Kila likizo sisi watoto wa Rusizi tunaosoma huku Kanombe hupanda basi Nyabugogo, tukapita Huye, na kutoka Kitabi mpaka Gisakura ni miti na ukungu tu. Kona hazihesabiki. Wengine hutapika, na hapo ndipo husikika swali lile lile: "Kwa nini Serikali isiinyooshe njia hii?" Mimi nasema isinyooshwe, wala isipanuliwe.

Waulizeni mainjinia. Mlima wenye mvua nyingi ukichimbwa ubavuni ili kupata njia pana, udongo wa juu hukosa pa kuegemea, ukaporomoka. Maji yaliyokuwa yakizama taratibu chini ya majani sasa hukusanywa mtaroni, hupitishwa katika kalvati moja, na yatokapo upande wa pili huchimba korongo. Tope lote huishia mtoni. Na mito ya Nyungwe mingine huenda Nile, mingine Kongo.

Mabwana wanyama nao wana neno lao. Wao huogopa uwazi kuliko lami. Njia ikiwa nyembamba matawi hukaribiana juu yake, na mbega huvuka kwa kuruka. Ikiwa pana, hana budi kushuka mbele ya magurudumu. Tena mwindaji ambaye zamani angetembea siku nzima, leo hushushwa na lori. Tembo wa mwisho wa Nyungwe aliuawa mwaka 1999. Sisemi barabara ndiyo iliyomwua, ila msitu huu, uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2023, umekwisha poteza vya kutosha.

Wako wanaotaka njia ifungwe usiku. Hao siwaungi mkono. Mwaka jana mama yangu mdogo alishikwa na uchungu wa kuzaa, ukawa mgumu, akapelekwa Huye usiku wa manane kwa njia hiyo hiyo. Leo mtoto anatambaa. Anayesema "fungeni" na aje kwanza amwone.

Lililo bora ni malori mazito yaendayo Bukavu yapitie kando ya Ziwa Kivu, kwa barabara ya Karongi na Nyamasheke, ambayo siku hizi ina lami. (Watu wa huko watalalamikia kelele, nao wana haki, yafaa waulizwe.) Tanzania wametuonyesha mambo mawili. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliwazuia wasitie lami njia ya kukatiza kaskazini ya Serengeti. Na Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia hupita katikati ya wanyama, wameweka matuta, na dereva agongaye mnyama hutozwa faini. Nyungwe nayo ipewe matuta, na askari wa kuwasimamisha wenye haraka, mabasi yetu yakiwamo.

Tutachelewa kufika, najua. Nimekwisha mwambia mama asipakue chakula mapema.