Sebule Si Stoo ya Kutunzia Makochi

Dada zangu, mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia na foronya za mito hapa Kilema, kwa hiyo nikiyasema haya najipunguzia wateja mwenyewe. Lakini nimechoka kunyamaza.

Mwezi uliopita dada mmoja aliniita nikapime madirisha ya sebule yake. Nilimkuta mama mkwe wake jikoni, amekaa kwenye kigoda, shuka begani. Ninyi wa visiwani huenda hamuijui baridi ya Julai huku mlimani. Si ya mchezo. Sebule ilifunguliwa kwa ufunguo. Ndani makochi bado yana nailoni ya dukani, chini zulia jeupe, na kabati la vioo limejaa vikombe ambavyo havijawahi kunywewa chai. Nikamuuliza, "Mama, mbona hukai huku?" Akajibu, "Nitachafua, mwanangu. Huko ni kwa wageni wa Desemba."

Mnajua Desemba yetu Wachagga: ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kula Krismasi. Sebule inafunguliwa siku kumi. Siku 355 zilizobaki inakaa na giza lake. Huo si unadhifu. Hiyo ni stoo yenye mapazia.

Zamani wazee wetu waliishi kwenye msonge wa nyasi, wao na mifugo yao chini ya paa moja. Ng'ombe walikuwa na upande wao, watu upande wao, na moto wa kuota. Kila kitu kilikuwa na mahali pake kwa sababu kila kitu kilikuwa na kazi. Leo tuna vyumba vinne na bado mama hana pa kukaa!

Mtaniambia mgeni ni heshima. Kweli kabisa. Lakini heshima inayomruka mzazi ndani ya nyumba ikamsubiri mtu wa Krismasi, hiyo ni maonyesho.

Halafu zinakuja picha za kwenye simu: kila kitu cheupe na kijivu. Jamani, udongo wetu ni mwekundu, na masika kila kiatu kinaingia na tope. Zulia jeupe ni kununua ugomvi na watoto wako. Chagua kahawia, au kijani cha mgomba.

Na kabla hujanunua, punguza. Toa maua ya plastiki yenye vumbi, toa vimeza ambavyo watu wanajikwaa. Rangi mbili zinatosha. Ya tatu ionekane kwenye mito tu. Dirisha la upana wa mita moja na nusu lipe kitambaa cha mita tatu, pazia lipate mikunjo. Ukibana litafanana na shuka lililoanikwa. Foronya ziwe na zipu, zivuliwe, zifuliwe, watu wakae.

Sijitoi. Makochi yangu niliyaacha kwenye nailoni miaka miwili, mpaka mwanangu aliponiuliza, "Mama, haya ni ya nani?" Nilichukua mkasi siku hiyohiyo.

Yule dada nitamshonea. Ila nimempa sharti: siku ninayokuja kutundika mapazia, nimkute mama amekaa kwenye kochi, ameshika kikombe cha kabatini, chai ndani yake.