Usiupitishe ujumbe huo: nadharia ya mwaka 1863 inasambaa kwa Kiswahili

Kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu kwa Kiswahili, na kama una ndugu au marafiki Goma, Bukavu, Uvira au Bujumbura huenda umeshaupata. Huja kwa sauti tofauti, ila maneno ni yaleyale: Watutsi, hasa Banyamulenge wa milima ya Kivu Kusini, si watu wa hapa. Walitoka Ethiopia, au bonde la Naili. Wamezaliwa na ujanja wa kutawala, na wana mpango wa siri wa kulikalia eneo zima la Maziwa Makuu. Basi warudi kwao.

Naomba usiupitishe, hata kwa nia ya kuuliza kama ni kweli.

Anayetuma hudhani anasimulia historia aliyoachiwa na wazee wake, kumbe madai hayo yametoka kitabuni na mwandishi wake anajulikana. Mwishoni mwa 1861, John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza la India, alifika Karagwe na msafara uliotokea Zanzibar. Eneo hilo leo liko Mkoa wa Kagera, Tanzania. Alipokewa vizuri na mfalme Rumanika. Aliwatazama watu wa jumba la kifalme, warefu, wafugaji, akawaona si wa asili moja na wakulima waliowazunguka. Alichukua hata kipimo akampima mwanamke mmoja wa ukoo huo, mapaja, mikono na kifua, kwa kuwa wake wa wakubwa walinoneshwa kwa maziwa mpaka kusimama kukawa shida. Kisha akafungua Biblia akaanza kumweleza mwenyeji wake jinsi ukoo wake ulivyotokana na Waethiopia. Mgeni wa wiki chache ndiye aliyemfundisha mfalme asili yake.

Kitabu chake kuhusu chanzo cha Mto Naili kilitoka 1863. Humo alidai kwamba falme za maziwa haya zilianzishwa na wavamizi wafugaji kutoka kaskazini, watu wa daraja ya juu, waliowakuta wakulima wa daraja ya chini wakawatawala. Yeye mwenyewe aliiita nadharia. Rwanda hakuikanyaga, milima yake aliiona kwa mbali tu akiwa Karagwe. Msingi wa hoja yake ulikuwa imani kwamba mtu mweusi hawezi kujijengea dola yenye mpangilio, kwa hiyo akiona dola, lazima atafute mgeni aliyeileta.

Nadharia hiyo ingeweza kufia maktabani. Haikufa, kwa sababu wasomi waliikuza na watawala waliipenda. Mwaka 1930 C. G. Seligman, profesa wa London, alitoa kitabu kuhusu mbari za Afrika akasema ustaarabu wa bara hili ni kazi ya Wahamiti, yaani wageni walewale wa kutoka kaskazini, na kitabu hicho kiliendelea kuchapishwa upya hadi miaka ya 1960. Nchini Rwanda, watawala wa Kibelgiji wakisaidiwa na maaskofu waliwapa Watutsi uchifu na nafasi za shule, wakawanyima Wahutu. Kuanzia 1933 kila mtu mzima akaandikishwa na kupewa kitambulisho kinachosema yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto akafuata alichoandikiwa baba yake.

Hapa ndipo panaponitisha kuliko kwingine. Mwaka 1957 wasomi wa Kihutu waliandika waraka wa kudai haki za walio wengi. Madai mengi yalikuwa ya kweli: walinyimwa shule, walinyimwa vyeo, walifanyishwa kazi kwa nguvu. Lakini waliyaeleza kwa nadharia ileile, wakimwita Mtutsi Mhamiti na mkoloni, na wakapinga kuondolewa kwa kabila kwenye vitambulisho. Mwenye malalamiko halali alichukua kipimo cha mkoloni kumpimia jirani yake. Dai la haki likabeba sumu ndani yake, na kizazi kilichofuata kikainywa yote pamoja.

Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano wa chama huko Kabaya, kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Alizungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mkato, Mto Nyabarongo. Mwaka mmoja na nusu baadaye, vitambulisho vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani na watu wapatao 800,000 wakauawa katika siku kama 100. Maji ya Nyabarongo huingia Mto Kagera, na mto huo humwagika Ziwa Viktoria. Mei 1994 wavuvi wa Kasensero, upande wa Uganda, walikuwa wakivua maiti. Maelfu walizikwa kwenye makaburi ya pamoja kandokando ya ziwa.

Mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM, iliyochochea mauaji hayo, alikuwa Ferdinand Nahimana, mwenye shahada ya udaktari katika historia. Alihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha mwaka 2003. Nimemtaja kwa sababu wengi wetu husema chuki ni ya wasiosoma. Hii ilisomewa, ikafundishwa, ikapewa tanbihi.

Wataalamu waliikataa nadharia hiyo zamani. Mwaka 1963 Joseph Greenberg alipopanga upya lugha za Afrika hakubakiza nafasi ya Wahamiti. Rwanda penyewe, Mhutu, Mtutsi na Mtwa wanazungumza Kinyarwanda kimoja, na koo kama Abasinga na Abagesera zina watu wa pande zote tatu. Hata hivyo bado nawasikia walimu wa Kenya na Tanzania wakiwagawa Waafrika kwa neno Wahamiti, na wahubiri wakimtaja Hamu, mwana wa Nuhu, na laana. Mwalimu, mhubiri, acheni. Mnamtayarishia mtuma ujumbe wasikilizaji.

Najua jibu litakalokuja. Utaniambia waasi wa M23 waliiteka Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, wameua, wamefukuza watu makwao, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia. Hayo ni kweli, na waliofanya hivyo washtakiwe. Mtaje kamanda, taja kijiji, taja siku. Mama wa Kinyamulenge anayeuza maziwa Uvira hakuiteka Goma. Wakimbizi Banyamulenge waliouawa kambini Gatumba, Burundi, usiku wa 13 Agosti 2004, zaidi ya 150, wengi wao wanawake na watoto, hawakuwa jeshi la mtu yeyote. Burundi ilishaonja na upande wa pili: mwaka 1972 jeshi lililoshikwa na Watutsi liliua Wahutu kwa makumi ya maelfu, likianza na wenye elimu. Na Mtutsi anayejigamba kwamba amezaliwa kutawala anakariri sura ileile ya Speke.

Ukipata ujumbe huo kwenye kundi, ukatae hapohapo mbele ya wote, kwa jina lako. Ukikaa kimya, mtumaji ataelewa umekubali. Weka nakala yenye tarehe na namba iliyoutuma, kwa sababu uchochezi wa mauaji ya kimbari ni kosa chini ya mkataba wa 1948, na Arusha kanda za redio zilikuwa ushahidi. Kama wewe ni msimamizi wa kundi, mtoe aliyeuleta na uwaeleze waliobaki kwa nini.

Ila uusikilize mpaka mwisho kabla ya kufanya lolote. Ukiusikia unataja mtaa, siku, nyumba au jina la mtu, usianze kubishana na mtumaji. Mpigie simu kwanza huyo aliyetajwa, usiku huohuo, umwambie alipotajwa na kilichosemwa, kisha ndipo uwapigie wengine.