Mradi ukifungwa, slaidi zibaki

Vijana wenzetu wa Mvara, na nyinyi mlio Rhino Camp, Imvepi, Bidi Bidi na Lobule, na nyinyi pia ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika: leo tunaongea kuhusu slaidi. Zile kurasa za mafunzo tunazoonyeshwa ukutani kwa projekta, au projekta ikikosekana, tunabanana watu ishirini mbele ya laptopu moja.

Wengi wetu tulifundishwa kwa slaidi hizo, na baadaye tukawa sisi wa kufundisha wenzetu. Sasa tuulizane, hizo slaidi ziko wapi leo? Marekani ilipokata misaada yake mwanzoni mwa 2025, miradi ilianza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Ofisi inafungwa, laptopu inarudishwa, na akaunti ambayo slaidi zilikuwa ndani yake inazimwa. Kwa shirika moja tulilofanya nalo kazi, sisi tuliozitafsiri kwa Kiswahili tulibaki na picha tulizopiga kwa simu tu, nyingine kichwa cha mtu kimefunika nusu ya maandishi. Kazi ya miezi imeenda na nenosiri la mtu mwingine. Si mnajua, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Maoni yetu ni haya: mafunzo yetu yaandikwe kama maandishi matupu, kwenye faili tunazoshika wenyewe, na slaidi zitoke kwenye maandishi hayo. Njia iko, na ni ya bure.

Kuna programu ya kuandika noti inaitwa Obsidian. Inaingia kwenye simu ya Android na kwenye kompyuta, haikulazimishi kufungua akaunti, na kila noti unayoandika ni faili ya kawaida ndani ya kifaa chako. Maandishi yake yanafuata mtindo wa Markdown, uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, ambapo alama chache za kibodi zinafanya kazi ya vitufe vyote vile vya rangi na ukubwa. Halafu ndani ya Obsidian unaweza kuchomeka programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazoongeza kazi kwa ile kubwa. Moja ya hizo iliitwa Advanced Slides. Aliyeitengeneza alipoiacha, wengine waliichukua na kuiendeleza kwa jina la Slides Extended. Inachukua noti yako na kuigeuza slaidi. Wewe unaandika hivi tu:

# Mtoto akiharisha

Maji safi lita 1
Sukari vijiko vya chai 6
Chumvi nusu kijiko cha chai

---

# Mpeleke kituo cha afya kama

Anashindwa kunywa, au kuna damu kwenye choo

Alama ya # ni kichwa cha slaidi. Vistari vitatu maana yake slaidi imeisha, nenda nyingine. Basi. Acheni mstari mtupu juu na chini ya hivyo vistari, kwa sababu kwenye Markdown vikigusana na maandishi ya juu, maandishi hayo yanaweza kugeuka kichwa cha habari. Na msibandike maandishi yenyewe kwenye ujumbe wa WhatsApp, maana WhatsApp nayo ina ujanja wake wa kucheza na nyota na vistari. Tumeni faili.

Tumechagua mfano huo wa kuharisha makusudi. Angalieni neno "kijiko". Kwenye slaidi za Kiingereza kuna kijiko kidogo na kijiko kikubwa, kila kimoja na jina lake. Mtafsiri akiwa na haraka anaandika "kijiko" na kuondoka. Mama aliye Imvepi anachukua kijiko kilicho jikoni kwake, na kama ni kile cha kulia chakula, kinabeba chumvi karibu mara tatu ya cha chai. Chumvi nyingi kwa mtoto ambaye tayari amekauka maji ni hatari, si kosa la lugha tu. Sasa kama slaidi hiyo ni picha inayozunguka kwenye magrupu, utairekebishaje? Huwezi. Itaendelea kuzunguka hivyo hivyo mpaka kesho kutwa. Lakini kama ni maandishi, unaongeza "cha chai", unatuma faili tena, na mwenzako wa Lobule anaweza kuweka mbili pembeni kwa pembeni akaona neno gani limebadilika.

Hapo ndipo sisi tunaona faida kubwa. Watu wengi wakisikia habari hii wanaongelea uzito wa faili kwanza. Ni kweli, herufi moja ya Kiswahili ni baiti moja, kwa hiyo slaidi ishirini za herufi mia tatu kila moja ni kilobaiti 6 hivi. Faili ya PowerPoint iliyojaa picha na nembo inaweza kufika megabaiti 30, na bando wote tunajua bei yake, tena tangu Julai 2021 juu ya bando kuna kodi ya asilimia 12. Sawa. Lakini kwetu uzito ni jambo la pili. La kwanza ni nani ana uwezo wa kusahihisha. West Nile hii mafunzo mamoja yanahitaji Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha Juba, na pengine Kilingala kwa waliotoka Kongo. Hakuna ofisi itakayofanya hizo zote. Tutafanya sisi, kama tutapewa maandishi.

Na intaneti ikikatika? Mnakumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikafungwa hapo. Faili iliyo kwenye simu haikujali. Umeme wa Arua umekuwa afadhali tangu West Nile iunganishwe na gridi ya taifa, ila kambini bado ni sola na kuchajisha kwa zamu, kwa hiyo kuandika kwenye simu ndiko kunakowezekana siku nyingi.

Tusidanganyane lakini. Kuonyesha slaidi kwa hizo programu-jalizi kunahitaji kompyuta. Simu ni ya kuandikia na kusomea. Kuziweka mara ya kwanza kunahitaji intaneti. Na slaidi zenyewe hazina urembo mwingi kama hujui kuupanga. Kuna wafanyakazi wa mashirika wanaotuambia, vijana wetu, mfadhili anataka nembo yake juu kulia na rangi zake. Haya, wekeni nembo. Sisi hatuna ugomvi na PowerPoint. Tengenezeni hiyo ya mfadhili kwa PowerPoint, lakini maandishi yake mtupatie pembeni, kwenye faili tupu, siku ya mafunzo yenyewe na siyo siku ya kuagana. Siku ya kuagana kila mtu ana haraka na ripoti ya mwisho.

Kuna jambo moja ambalo tunaomba mlichukue kwa uzito, hasa nyinyi mnaoshughulika na kesi za watu. Programu-jalizi hiyo inakuruhusu kuandika maelezo ya mwalimu chini ya slaidi, ukianza na note: na nukta mbili zake. Watazamaji hawayaoni ukutani. Lakini yamo ndani ya faili! Ukimtumia mtu faili, umemtumia na maelezo. Kwa hiyo jina la msichana aliyepata shida njiani, namba ya kadi ya familia, nani ametoka upande gani wa mpaka, hayo yasiandikwe humo kabisa, hata kama ni kwa kujikumbusha tu. Faili tupu haina kufuli. Simu ikipotea sokoni Arua, aliyeiokota anaweza kusoma kila kitu.

Wengine watauliza, kwani hiyo programu-jalizi nayo ikiachwa tena? Inaweza. Ni kazi ya watu wanaojitolea, wanachoka kama sisi tunavyochoka. Obsidian yenyewe inaweza kubadilika. Ila faili ya maandishi inafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia, hata ile ya bure inayokuja na kompyuta, na vistari vitatu vitaeleweka tu na mtu anayesoma kwa macho.

Slaidi za kuharisha tumeshazimaliza kwa Kiswahili na Kilugbara. Za Kiarabu cha Juba zimekwama hapo hapo kwenye kijiko cha chai: wawili waliotusaidia wameandika kwa namna mbili tofauti, na kila mmoja anasema nyumbani kwao ndivyo wanavyosema. Wewe unayekiongea na mama yako kila siku, tuandikie hapa chini nyinyi mnakiitaje.