Usimwite Fundi wa Rangi Mwizi

Kila Mkenya mwenye gari ya zamani ana hadithi ya fundi wa rangi aliyemwibia. Hadithi ni ile ile. Alipeleka gari Jumatatu, akaichukua Ijumaa iking'aa kama kioo, na mwaka haujaisha boneti ikaanza kubambuka kama mgongo wa mtu aliyeungua jua. Kisha inakuja hukumu: jua kali ni wezi.

Mimi nakataa. Karo iliponishinda nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilifanya kazi miezi 11 kwenye karakana ya mjomba wangu hapa Nakuru. Nilishika msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama karatasi. Na nakwambia, wizi mwingi niliouona pale ulianzia upande wa mwenye gari.

Tuanze na rangi yenyewe. Rangi ya gari za siku hizi ni matabaka. Chini kuna praima inayoshika bati, juu yake rangi, na juu kabisa klia, ile vanishi isiyo na rangi inayoleta mng'aro na kuzuia miale ya jua isifike chini. Klia ndiyo mwavuli. Jua huila polepole. Kwanza inafifia na kuwa na ukungu mweupe, kisha inapasuka, kisha inabambuka. Ndiyo maana paa na boneti hutangulia huku milango ikibaki mizuri: vinalala vikitazama jua siku nzima. Nakuru iko karibu na ikweta, tena juu, zaidi ya mita 1,800. Jua la huku si la mchezo. Na kwa vile tunaruhusiwa kuagiza gari zenye umri wa hadi miaka 8, hata ile unayoiita mpya ilianza kuchomwa na jua la watu wengine kabla haijashuka Mombasa.

Klia ikishabambuka, hakuna polishi ya kuirudisha. Polishi ilifaa rangi za kale za tabaka moja, zile za Datsun na Peugeot 504 za akina babu, ambapo ukisugua weupe uliochakaa unakuta rangi nzima chini. Klia iliyoachia imeachia. Ukipuliza mpya juu yake, mpya itashika ile ya zamani, na ile ya zamani haijashika kitu. Zitang'oka pamoja.

Kazi ya haki ni hii: kuosha na kuondoa grisi na nta, kusugua kwa msasa hadi ufikie tabaka lililoshika, kulainisha kingo mpaka ukipitisha kidole usihisi ngazi, kukwangua kutu hadi bati safi, kuweka fila palipobonyea, praima, msasa tena, rangi, kungoja, klia, kungoja, msasa wa maji namba 2000, ndipo polishi. Hesabu mwenyewe. Kupuliza ni saa chache tu. Yote mengine ni mkono.

Na huo mkono ndio hatutaki kuulipia.

Alikuja mwalimu mmoja mstaafu na Corolla ya buluu, paa limebambuka kama ramani. Mjomba akaikagua akamwambia: siku 9, shilingi 45,000. Mzee akacheka. "Fundi, hiyo mambo ya msasa wachana nayo. Wewe piga rangi tu ing'ae Jumamosi, kuna ruracio ya msichana wangu." Akatoa 15,000. Mjomba akamweleza kwamba haitadumu. "Ni sawa tu," mzee akasema. Mjomba akafikiria kodi ya kiwanja, akazichukua.

Tulisugua juu juu asubuhi moja, tukapuliza. Jumamosi iling'aa kweli. Baada ya miezi 7 mzee akarudi akifoka mbele ya wateja: mwizi! Mjomba alinyamaza. Mimi nilitaka kumuuliza: mwalimu, ulilipia nini hasa? Ulinunua mng'aro wa Jumamosi, ukapewa mng'aro wa Jumamosi.

Sisemi mafundi wote ni malaika. Wapo wanaotoza bei ya kazi kamili kisha wanaruka msasa, wapo wanaojaza thina ili kopo moja litoshe gari mbili. Hao ni wezi, tuwaite hivyo. Mjomba naye alikosea kukubali zile pesa, na mimi ndiye niliyeshika bomba la kupulizia. Lakini kumpa mtu theluthi ya bei, kuambiwa ukweli usoni, halafu kumtukana ukweli ukitimia, hiyo inaitwaje?

Na kuna deni lingine ambalo halionekani kwenye boneti. Klia ya kisasa huchanganywa na hadina ili igande. Ndani yake mna isosayaneti, kemikali zinazojulikana kuwaletea wapulizaji pumu, tena pua haiwezi kukuonya mapema. Kitambaa usoni hakizuii mvuke huo, wala ile barakoa iliyobaki wakati wa korona. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Mjomba hupuliza nyuma ya mabati, leso imefungwa usoni. Usiku anakohoa hadi mke wake anaamka. Kila mteja alipokata bei, kilichokatwa kwanza kilikuwa msasa, na barakoa haikuwahi hata kuingia kwenye hesabu.

Sasa utaniuliza, na kama nina 15,000 tu? Tengeneza boneti peke yake, vizuri. Acha paa libaki na mabaka hadi mwaka ujao. Gari yenye boneti nzima na paa la mabaka haimwaibishi mtu, hata kwenye ruracio. Mficha uchi hazai.

Halafu pitia karakana siku ya tatu. Ukikuta gari yako ina sura mbaya, kijivu cha praima na madoa ya fila kila mahali, mnunulie fundi chai. Ukiikuta inang'aa tayari, hapo ndipo uulize maswali.