Gitaa ni la Nani?

Wiki iliyopita mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni afisa maendeleo ya jamii katika kata moja ya kanda hii ya kati, alipita Hombolo kunisalimu. Katika mazungumzo akanieleza habari ya kikundi cha vijana walioomba mkopo wa halmashauri ili wanunue magitaa mawili ya umeme, amplifaya na spika, wapate kupiga muziki kwenye harusi. Andiko lao lilirudishwa. Waliambiwa kwamba mikopo ile ni ya shughuli za uzalishaji, si ya starehe. Wakitaka, waombe pikipiki. Alinisimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka.

Tulitazame gitaa la umeme linalojulikana pengine kuliko yote duniani, Stratocaster. Leo Fender na wenzake walilibuni huko California, likaingia sokoni mwaka 1954. Fender alikuwa fundi redio, na hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Labda ndiyo sababu alilifikiria kwa akili ya fundi: shingo imefungwa kwa skrubu badala ya gundi, ili ikiharibika ibadilishwe, vinasa sauti vitatu vimepangwa chini ya nyuzi, na mpigaji huchagua sauti kwa kugeuza swichi. Kilikuwa kitendea kazi cha mtu anayelipwa kwa usiku mmoja mmoja, asiyeweza kungoja wiki mbili chombo kipone. Leo yale yaliyotengenezwa kabla Fender hajaiuza kampuni yake kwa CBS mwaka 1965 yanatafutwa kama johari. Gitaa jeusi la Eric Clapton, aliloliunga kutokana na Stratocaster kuukuu alizonunua Nashville, liliuzwa mnadani mwaka 2004 kwa dola 959,500. La David Gilmour wa Pink Floyd, nalo jeusi, lilifikia dola milioni 3.975 mwaka 2019. Wote wawili walizitoa fedha hizo kwa hisani. Kinachonivutia, hata hivyo, ni jambo dogo zaidi: kila mmoja aliuza kitu kilichokuwa chake.

Kwetu historia ilichukua njia nyingine. Baada ya Uhuru, bendi nyingi kubwa za dansi zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Tukawa pia na Polisi Jazz, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana wa TANU, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, UDA Jazz ya shirika la mabasi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Siubezi utaratibu ule. Magitaa ya umeme, amplifaya na hata nyuzi viliagizwa nje kwa fedha za kigeni ambazo mtu wa kawaida hakuzipata. Bila mifuko ya mashirika, ule mjibizano wa solo, rithim na besi uliotulea wengi wetu usingefika ulikofika. Na mshahara ulikuwepo hata mwezi ambao mvua ilinyesha na ukumbi ukabaki mtupu.

Lakini aliyetoka, alitoka mikono mitupu. Mwaka 1978 Muhidin Gurumo na wenzake waliiacha bendi ya chama cha wafanyakazi, wakaenda kuunda Mlimani Park chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS. Mwaka 1983 bendi hiyo ikawa mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam. (Wanafunzi wangu wa serikali za mitaa walitie maanani hili: mojawapo ya bendi bora kabisa ambazo nchi hii imewahi kuwa nazo ililelewa na shirika la jiji.) Mwaka 1985 Gurumo akahamia Orchestra Safari Sound, ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Watu huisimulia mihamo ile kama tamaa au ugomvi wa nyota. Mimi naisoma kwa namna nyingine: aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi, na msanii alikwenda vilikokuwa. Hata Super Matimila ya Remmy Ongala, mtetezi wa wanyonge, ilibeba jina lililotokana na mfanyabiashara aliyemiliki vyombo.

Hapa Ugogoni tunao mfano ulio tofauti. Zeze hutengenezwa kwa kibuyu, mti na nyuzi. Mpigaji hulitengeneza mwenyewe au hutengenezewa na jamaa yake, na akihama huhama nalo. Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu, alifundisha Bagamoyo akiwa mtumishi wa umma, akazunguka dunia na zeze na marimba zake. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, ilitoka albamu ya Assembly aliyoifanya na Michael Brook, Mkanada mpiga gitaa la umeme. Isikilizeni. Gitaa halimmezi Mgogo yule hata kidogo.

Sasa nirudi kwa vijana wetu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sijaona popote katika sheria hiyo panaposema muziki si kazi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipokwenda Osaka kwenye maonyesho ya dunia, Mbaraka Mwinshehe na solo yake walihesabiwa kuwa sura ya taifa. Sielewi ni lini gitaa lilishuka cheo likawa starehe. Pikipiki inakubalika kwa sababu ofisi imezoea kuiona. Tunaofundisha usimamizi wa mali za umma tunajua hesabu ya uchakavu: baada ya miaka mitano ya barabara zetu, pikipiki ni chuma chakavu, ilhali Stratocaster za mwaka 1954 zingali zikipigwa. Magitaa ya vijana hawa hayatafika mnada wowote wa London, nakubali. Yatakachofanya ni kuwawezesha kuamua wenyewe wampigie nani, kwa bei gani, na waondoke lini.

Nimemshauri afisa yule awasaidie kuliandika upya andiko, waambatishe orodha ya harusi wanazozitarajia baada ya mavuno, na waonyeshe marejesho mwezi kwa mwezi. Katika safu ya vitendea kazi waandike gitaa bila kuona haya. Amekubali. Jana amenipigia simu akiniomba nimtafutie bei ya nyuzi za akiba, maana vijana walisahau kuziweka katika bajeti.