Ustawi wa Jamii Usiotafitiwa Kariakoo

Elimu ya chuo kikuu nchini Tanzania haikuzaliwa mlimani. Ilizaliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wanafunzi 13 wa sheria wakitoka darasani na kujikuta kati ya Mnazi Mmoja na Kariakoo. Mwaka 1964 Chuo kikahamia kilimani, kando ya Ubungo. Kuhama majengo si kosa, kwani Lumumba palikuwa padogo. Kosa ni maswali ya wasomi nayo kuuhama mtaa, na hakuna fani ambayo kosa hilo laidhuru kuliko ustawi wa jamii.

Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliundwa mwaka 1973 ili Taifa lipate maofisa wa kuwahudumia wanyonge. Baadaye vyuo vikuu navyo vikaanza kuifundisha fani hiyo. Je, wahadhiri wake hupenda kutafiti nini? Kwa miaka mingi mada zimekuwa UKIMWI, yatima, walezi wa yatima, mafunzo ya wasaidizi wa ustawi vijijini. Hizo si mada za kubezwa. Watu walikufa, na watoto waliobaki walihitaji kutazamwa. Lakini mwenye macho ataona kwamba mada huwasili pamoja na fedha za mfadhili, na fedha zikikoma, mada nayo huzikwa bila matanga. Yatima hakuondoka na mfadhili. Yupo sokoni, anauza mifuko.

Chicago imekuwa mwalimu mkubwa wa Taasisi hiyo katika kazi ya yatima, kwa njia ya chuo chenye jina la Jane Addams. Basi na itazamwe Chicago yenyewe. Mwaka 1889 Jane Addams na mwenzake walihamia katika mtaa wa wahamiaji maskini, wakaishi humo. Florence Kelley, aliyejiunga nao, alichunguza vyumba vya ushonaji walimofanyishwa kazi wanawake na watoto. Mwaka 1893 jimbo la Illinois likapitisha sheria ya kupiga marufuku ajira viwandani kwa walio chini ya miaka 14, naye akafanywa mkaguzi mkuu wa viwanda. Mwaka 1895 wenyeji wa nyumba ile wakachapisha ramani za mtaa wao, zikionyesha mshahara na asili ya kila kaya. Wasomi wa hapa wamechukua vitabu vya Chicago, wakaiacha miguu yake.

Miguu hiyo ingeshuka Kariakoo ingekuta mengi. Nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na uani nyuma, zimebomolewa moja baada ya nyingine na kupisha maghorofa. Bibi aliyeishi kwa kodi ya vyumba vitatu amekwenda wapi? Mpangaji wake, aliyemwangalia alipougua, yuko wapi? Wasanifu wameandika juu ya majengo. Hilo la bibi ni la mtu wa ustawi. Soko liliungua usiku wa tarehe 10 Julai, 2021. Tarehe 16 Novemba, 2024 ghorofa likaporomoka, likaua watu zaidi ya 20. Hasara ya bidhaa huhesabiwa upesi. Nani huhesabu watoto walioacha shule kwa sababu baba alikuwa chini ya kifusi?

Yupo pia mpagazi, asiye na mwajiri wala bima. Akivunjika mguu, wenziwe huchanga. Upatu, vikoba na vyama vya kuzikana ndiyo idara ya ustawi ambayo Kariakoo imejiundia kabla msomi hajafika. Vitabu vya fani humwita mtu wa namna hii “mteja”. Neno hilo sokoni lina maana bora: mteja ni mwenye fedha yake, hupatana bei, na asiporidhika huenda kibanda cha pili. Mteja wa ustawi hana pa kwenda.

Itajibiwa kwamba mhadhiri hapandi cheo kwa kuandika juu ya wapagazi, bali kwa makala katika majarida ya ng’ambo, tena kwa Kiingereza. Jibu hilo ni la kweli, nalo ndilo mashitaka yenyewe. Vigezo hivyo havikushuka kutoka mbinguni. Vimepangwa na wakuu wa vyuo wenye majina na ofisi, na waweza kuvipangua. Wapo wahadhiri wachache wanaoshinda mitaani kwa nauli yao wenyewe, na vigezo hivyo huwaadhibu.

Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, watu wasio na ajira walikamatwa jijini wakapelekwa mashamba, wengi walirudi. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa barabarani. Kati ya tarehe hizo mbili imepita miaka 38, muda wa kutosha kwa fani nzima kumweleza mtawala, kwa Kiswahili, kwa nini kijana anayeondolewa Mtaa wa Kongo hurudi. Ofisa ustawi anayetakiwa kumhudumia kijana huyo anahitaji maelezo hayo mezani kwake, nayo yamefungiwa katika jarida ambalo ofisi yake haina fedha ya kulinunua.