Mkimbizi hahitaji mashini tu, anahitaji mtu wa kumshika mkono

Butembo – Nianze kwa kuungama. Kuna habari moja niliyoisoma redioni kwa furaha nyingi, na leo naona niliisoma nusu. Ilikuwa habari ya kufunga mafunzo ya ujasiriamali. Akina mama na vijana waliokimbia vita walipewa vyeti, wengine wakapewa mashini za kushona, picha zikapigwa, wakubwa wakahutubia. Mimi nilirekodi sauti, nikarudi studio, nikatangaza kwamba wakimbizi wa ndani wamepata njia ya kujitegemea.

Miezi michache baadaye nikaikuta moja ya mashini zile sokoni, imewekwa juu ya gunia, inauzwa. Mwenyewe alikuwa mama niliyemhoji siku ile ya vyeti. Sikumwuliza kama mwandishi, nilimwuliza kama mtoto: mama, kwa nini? Alinieleza bila kuficha. Kushona alifundishwa kwa siku kumi. Lakini hakuna aliyemwonyesha vitambaa vinauzwa wapi kwa bei ya jumla, wala bei ya kuomba kwa sare ya shule, wala namna ya kumkatalia jirani anayetaka kushonewa kwa deni. Mkanda wa mashini ulipokatika, hakumjua fundi hata mmoja katika mji huu. Kisha mtoto akashikwa na malaria. Mashini ikaenda sokoni.

Ile habari ya pili sikuitangaza. Niliona aibu. Leo ninaiandika, kwa sababu naona kosa lile lile linarudiwa kila mara mradi mpya unapofika.

Maoni yangu ni haya: mashini ni nzuri, makuta ya kuanzia ni mazuri, lakini mtu asiye na mlezi wa kazi atavipoteza vyote viwili. Na mtu aliyekimbia vita anamhitaji mlezi huyo kuliko mwingine yeyote, maana ameacha nyuma watu wote waliomjua.

Siku hizi vijana wetu wanapenda neno startapu. Wanamaanisha biashara changa yenye wazo jipya, inayotaka kukua haraka. Hata serikali imelikubali neno hilo. Tarehe 8 mwezi wa tisa 2022 nchi yetu ilipata amri yenye nguvu ya sheria, namba 22/030, inayohusu kukuza ujasiriamali na startapu. Ni jambo jema. Lakini sheria haimjui mteja wako, na haiwezi kukuambia kwamba bei uliyoweka itakufilisi. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekutangulia.

Na sisi wa Butembo hatuna sababu ya kulia kwamba ulezi wa kazi ni kitu cha wazungu. Mji huu ulijengwa na wafanyabiashara. Nani hapa hajui namna matajiri wetu wengi walivyoanza? Kijana alichukuliwa dukani kwa mkubwa, akafagia, akabeba mizigo, akajifunza kupima, akajifunza nani analipa na nani halipi. Akionekana mwaminifu, mkubwa alimpa bidhaa auze, alipe baadaye. Huo ndio ulikuwa mtaji wake wa kwanza, na haukutoka benki. Baadaye yeye mwenyewe akasafiri Kampala, wengine wakafika Dubai na Guangzhou. Wafanyabiashara kadhaa waliunganisha pesa zao katika kontena moja, ikapita Mombasa na Uganda, ikaingia Kasindi. Hakuna aliyeita jambo hilo startapu, lakini jamii ya wajasiriamali ni hiyo.

Tatizo ni mlango wa kuingilia. Mlango huo ulifunguliwa kwa jina. Mkubwa alikuchukua kwa sababu alimjua baba yako, au mlitoka kijiji kimoja, au mlisali pamoja. Jina la baba lilikuwa dhamana. Sasa mfikirie kijana aliyekimbia wakati vita vilipofika Kanyabayonga, mwezi wa sita 2024. Mfikirie mama aliyetoka vijiji vya Beni akikimbia mapanga ya ADF. Wamefika hapa, wanalala kwenye familia iliyowapokea, watu kumi na wawili katika vyumba viwili. Wakienda kwa muuzaji wa jumla, anauliza: wewe ni mtoto wa nani? Jibu lao halimfikii mtu yeyote katika mji huu. Basi wanaambiwa walete pesa taslimu, na pesa taslimu ndiyo hawana.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya mlezi si kufundisha. Kazi yake ya kwanza ni kusema: huyu namjua mimi.

Nimeona mfano mmoja katika komini ya Bulengera. Mama mmoja mkimbizi alianza kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese. Sabuni yake ya kwanza ilichoma mikono ya wateja, wakairudisha. Alitaka kuacha. Mama mwingine, mwenyeji, anayefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alimwita nyumbani. Alimwonyesha kwamba soda hupimwa kwa mizani, siyo kwa kopo, maana ikizidi inabaki ndani ya sabuni na kula ngozi. Alimwambia avae glavu, na soda imwagwe ndani ya maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya soda. Alimwambia aiache sabuni ikauke vizuri kabla ya kuikata na kuiuza. Kisha akampeleka kwa muuzaji wa mafuta na kumwombea bidoni moja ya kulipa baada ya soko.

Hesabuni wenyewe. Mafundisho yale yalichukua asubuhi mbili. Hakukuwa hoteli, hakukuwa pesa ya usafiri, hakukuwa cheti. Leo mama yule anauza, analipa, na bidoni ya pili hakuombewa tena na mtu. Jina lake mwenyewe limeanza kuwa dhamana.

Kuna wanaouliza: katika vita hivi, unazungumza startapu gani? Kesho tutakimbia tena. Ninawaelewa. Mimi pia nina begi langu karibu na mlango. Lakini ndiyo sababu hasa ya kuweka nguvu katika ujuzi na watu kuliko katika vyombo. Ukikimbia usiku, mashini inabaki. Kipimo cha soda kinakimbia pamoja nawe. Namba ya simu ya muuzaji wa mafuta inakimbia pamoja nawe.

Wakumbukeni watoto wawili wa Baraka, Kivu ya Kusini, Washikala Malango na Iongwa Mashangao. Walikimbilia Tanzania wakiwa wadogo, wakakulia katika kambi ya Nyarugusu, mahali ambapo giza la usiku lilikuwa maisha ya kila siku. Mwaka 2013 walianzisha kampuni ya Altech, inayouza taa na vyombo vya umeme wa jua katika Kongo yetu. Tatizo waliloliishi kambini ndilo walilogeuza kuwa kazi. Na tazameni vizuri: walikuwa wawili tangu mwanzo. Sijaona bado biashara iliyosimama kwa mtu mmoja aliyejifungia chumbani na wazo lake.

Lakini nisiwadanganye. Ulezi wa kazi una ubaya wake pia. Wapo wanaojiita walezi, kumbe wanatafuta mtumishi wa bure: kijana anabeba mifuko miaka mitatu na hafundishwi hesabu hata siku moja. Wapo wanaume wanaomlea msichana ili wamdai kitu kingine. Na wapo wazee wa kazi wanaoficha siri ya kazi kwa kuogopa kwamba mwanafunzi atakuwa mshindani. Kwa hawa wa mwisho nasema hivi: soko la mji huu haliwezi kujazwa na watengeneza sabuni wawili. Wakiwa kumi wanaweza kununua soda pamoja kwa bei ya jumla, na kila mmoja anapata faida zaidi kuliko akiwa peke yake.

Kwa hao wengine wawili, dawa ni mambo kufanyika wazi. Makubaliano yaandikwe kwenye karatasi moja, mbele ya shefu wa avenyu na watu wawili wa kikundi: kijana atajifunza nini, kwa miezi mingapi, atapata kiasi gani akiuza. Akina mama na wasichana walelewe na akina mama. Na mwanafunzi awe na haki ya kuondoka bila kuitwa mwizi.

Sasa, kila mmoja afanye nini?

Kwa mashirika yanayosaidia: punguzeni semina za siku tatu hotelini. Chukueni sehemu ya pesa hiyo, mwendee fundi aliye na jina zuri mtaani, mlipieni vitambaa au mafuta ambayo wanafunzi wataharibu wakijifunza. Hiyo ndiyo hasara inayomfanya fundi akatae wanafunzi. Na msihesabu vyeti. Rudini baada ya mwaka mmoja, mhesabu nani bado anafanya kazi.

Kwa vikundi vya likirimba na vya akiba: ninyi tayari mnakutana kila juma. Ongezeni nusu saa. Kila mkutano mtu mmoja afungue daftari lake mbele ya wenzake, aseme alinunua kwa ngapi, aliuza kwa ngapi, na alikosea wapi. Hasara ya mmoja ikisemwa, kumi wanapona. Na tengeni nafasi mbili tatu kwa waliokimbia, hata kama mchango wao wa kwanza ni mdogo.

Kwa viongozi wa mji na wa kodi: mtu anayeuza sabuni kwenye beseni si kampuni kubwa. Sheria za biashara za OHADA, ambazo nchi yetu inazifuata tangu 2012, zinamtambua hata mtu mmoja mwenye kazi ndogo, na hazimlazimishi kujiandikisha katika daftari kubwa la biashara. Mwelezeni pateti yake ni nini na inalipwa wapi, ili asilipe mara tatu kwa watu watatu.

Kwa wenyeji wenye maduka: mlipokuwa vijana, mtu aliwaamini kwa jina la baba zenu. Mchukueni mmoja asiye na jina hapa. Mmoja tu. Anzeni na bidhaa kidogo ambayo hata ikipotea hamtafilisika, na mwangalie.

Na kwa ninyi ndugu zetu mliokimbia: msijione ni wa kupokea tu. Kati yenu kuna mama aliyenunua na kuuza maharage ya Lubero kwa miaka ishirini, anajua kwa kuuma punje moja kama itakaa miezi sita ghalani au itatoboka. Kuna mkulima wa viazi anayejua mbegu gani inavumilia ukungu. Kuna fundi wa kahawa. Vijana wengi wa mji hawayajui hayo. Ninyi pia ni walezi wa kazi, na mnayo haki ya kuulizwa.

Mimi nitafanya sehemu yangu. Kuanzia sasa, nikialikwa kutangaza ugawaji wa mashini, nitauliza swali moja kabla ya kuwasha kinasa sauti: mkiondoka, nani anabaki na watu hawa? Kama hakuna jibu, nitatangaza pia kwamba hakuna jibu.

Yule mama wa mashini bado yuko hapa. Anauza ndizi za kuchoma jioni kando ya barabara, na mkono wake wa kushona haujasahau. Wiki iliyopita nilimpeleka kwa fundi mmoja wa Vulamba aliyelemewa na sare za shule. Fundi alitazama mshono wake kwenye nguo aliyovaa, akageuza pindo ndani nje, akasema aje Jumatatu. Jumatatu alienda.